Malaika Aliyetamani Kuacha Nyayo

Ni lipi lililo kubwa zaidi: kuwajua watu wote kutoka juu, au kuketi chini na mmoja wao? Tukiulizwa ghafla, wengi wetu tutajibu kwamba la kwanza ni la Mungu na malaika zake, la pili ni letu sisi tulio mavumbi, kwa hiyo la kwanza ndilo kubwa. Jibu hilo lina sura ya kicho, lakini likipimwa kwa Injili halisimami imara. Katika tafakari hii tunataka kulipima, na tutasaidiwa na filamu moja ya mapenzi ambayo watu hawajaichoka tangu ilipotolewa.

Filamu hiyo ni Der Himmel über Berlin, ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders. Ilionyeshwa mwaka 1987 katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na Wenders akapewa tuzo ya mwongozaji bora. Wanaozungumza Kiingereza wanaijua kwa jina la Wings of Desire, yaani mabawa ya shauku. Jina la Kijerumani linatufaa zaidi sisi, kwa sababu neno Himmel ni kama neno letu mbingu: ni anga tunaloliona tukiinua macho, na ni makao ya Mungu vilevile.

Huenda mshirika akauliza: kanisa na filamu za mapenzi wapi na wapi? Tunamjibu kwa kumkumbusha Mtume Paulo kule Athene. Hakuanza mahubiri yake kwa sheria ya Musa, ambayo wenyeji hawakuijua. Alianzia kwenye madhabahu aliyoikuta mjini mwao, akawaonyesha kiu yao wenyewe, kisha akawaonyesha chemchemi (Matendo 17). Hadithi inayopendwa na watu wengi kwa miaka mingi ni madhabahu ya namna hiyo. Tukiitazama vizuri, tutaona watu wana kiu ya nini.

Wanaosikia kila kitu

Malaika wawili, Damiel na Cassiel, wanazunguka katika mji wa Berlin wakiwa wamevaa makoti marefu. Mji wenyewe umegawanywa na ukuta, na bado una makovu ya vita. Mwanzoni Damiel amesimama juu ya mnara uliovunjika wa Kanisa la Kumbukumbu la Kaiser Wilhelm, lililopigwa mabomu mwaka 1943. Mnara huo uliachwa bila kukarabatiwa ili watu wasisahau vita. Chini barabarani watu wazima wanapita na shughuli zao. Mtoto ndiye anayesimama, anainua macho, anamwona malaika.

Malaika hawa husikia mawazo ya watu. Wanapita katika vyumba vya magorofa, katika treni ya chini ya ardhi, katika maktaba kubwa ya mji, na kila mahali mioyo ya watu inasema: mmoja anawaza fedha, mwingine ndoa yake, mwingine wazazi wake waliokufa. Ndani ya treni kuna mtu aliyekata tamaa. Damiel anaketi karibu naye, na mara mawazo ya yule mtu yanageuka. Anaanza kujiambia kwamba bado anaweza kusimama tena. Hajui ni nani aliyemsaidia. Hayo tunayaelewa, kwa kuwa Waraka kwa Waebrania unawaita malaika roho watumishi, waliotumwa kuwahudumia watakaourithi wokovu (1:14).

Mpiga picha wa filamu hii alikuwa Mfaransa Henri Alekan, ambaye zaidi ya miaka 40 kabla yake alipiga picha za filamu nyingine maarufu ya mapenzi na maajabu, La Belle et la Bête ya mwaka 1946. Kila tunapoona kwa macho ya malaika, picha ni nyeusi na nyeupe. Tunapoona kwa macho ya wanadamu, rangi zinatokea. Malaika anamjua mtu hadi mawazo yake ya siri, lakini hajui wekundu wa shati lake.

Siku moja Damiel na Cassiel wanaketi ndani ya gari lililowekwa dukani kwa kuuzwa, wanasimuliana waliyoyaona. Hapo Damiel anaeleza shauku yake. Hatamani utajiri wala utawala. Anatamani kuwa na uzito unaomshikilia ardhini. Anatamani kupata homa, kuchafuka vidole kwa wino wa gazeti, kuvua viatu na kunyoosha vidole vya miguu chini ya meza. Anatamani kusema "sasa" badala ya "milele". Baadaye anamwona Marion, binti Mfaransa anayeruka kwenye bembea ya sarakasi akiwa amefungwa mabawa ya manyoya ya kuku. Sarakasi hiyo imeishiwa fedha, inafungwa, na binti hana pa kwenda. Malaika mwenye mabawa ya kweli anampenda mwanadamu mwenye mabawa ya bandia, na shauku iliyokuwa ya jumla inapata jina na uso.

Mkono usioweza kushika

Lakini moyo wa filamu hii, kwa maoni yetu, hauko kwa Marion. Uko juu ya paa la jengo refu, pale kijana mmoja amekaa ukingoni, amekata tamaa. Cassiel anafika. Anaegemeza kichwa chake begani mwa yule kijana, anasikia kila wazo lake. Watu wengine wanapiga kelele kumsihi asifanye hivyo. Kijana anajirusha. Cassiel analia kwa sauti ambayo hakuna mwanadamu anayeisikia.

Tafadhali tukae hapo kidogo. Cassiel hakukosa habari. Alijua juu ya kijana yule mengi kuliko mama yake mzazi. Hakukosa huruma pia, kwa maana kilio chake ni cha kweli. Alikosa mkono wa nyama na mifupa, wa kushika koti la kijana na kumvuta nyuma. Alikosa sauti ya kumwita kwa jina lake.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini filamu hii haizeeki. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, miaka 2 tu baada ya filamu kutolewa, na vijana wengi wanaoitazama leo hawakuwahi kuuona. Lakini tangu wakati ule sisi sote tumezidi kufanana na Cassiel. Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, simu zetu zinatupa mawazo na vilio vya watu mia: huyu amefiwa, yule anaumwa, huyu ameachwa, yule ameandika maneno ya ajabu usiku wa manane. Tunasikia yote. Tunahuzunika kweli. Tunaandika "pole sana" na "tunakuombea", kisha tunateremka kwenye habari inayofuata. Tumepewa masikio ya malaika, na mikono yetu imebaki mfukoni.

Je, huu si uasi?

Baada ya kulia kwa Cassiel, Damiel anaamua. Katika ukanda wa mchanga kati ya kuta mbili za mpaka, pale askari wanapolinda, Cassiel anatazama chini na kuona jambo la kutisha na la kupendeza: Damiel anaacha alama za nyayo. Malaika hawaachi nyayo. Amekwisha kuwa mtu. Anaamka upande wa magharibi, karibu na ukuta wenye michoro, na ulimwengu umejaa rangi. Dirii yake ya chuma inamwangukia kichwani, anatokwa damu, anaionja, na anafurahi. Anamsimamisha mpita njia na kumwuliza majina ya rangi moja moja. Anaomba fedha za kahawa, anainywa, na hajapata kuonja kitu kama hicho. Dirii anaiuza katika duka la vitu vya kale, na anapunjwa kama mgeni yeyote wa mjini.

Sasa msomaji wa Biblia ana haki ya kusimama na kupinga. Waraka wa Yuda unasema habari za malaika walioacha makao yao, nao hawasifiwi. Wamefungwa wakingoja hukumu (aya ya 6). Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6, kinasimulia juu ya wana wa Mungu waliowatamani binti za wanadamu, na mwisho wa habari hiyo ni gharika. Je, filamu hii haituvuti tusifu kile ambacho Mungu alikilaani?

Pingamizi hilo ni zito, na hatutaki kulipita. Tukilipima kwa makini tunaona jambo moja ambalo filamu yenyewe haisemi. Malaika wa Maandiko humtazama Mungu. Humwabudu, hutumwa naye, hurudi kwake. Malaika wa Wenders hutazama chini tu. Katika muda wa saa mbili hatuwaoni wakiabudu hata mara moja. Wanaandika yale wanadamu wanayofanya, na wanadamu ndio kioo chao pekee. Si ajabu Damiel amechoka! Malaika anayeuona uso wa Mungu hawezi kuchoshwa na umilele wake. Asiye na wa kumtazama ila sisi, atachoka mapema.

Kwa hiyo tusimchukue Damiel kama fundisho kuhusu malaika. Anayetaka fundisho hilo alitafute katika Neno la Mungu. Tumchukue kama mfano wa mwanadamu aliyejitenga juu ya mwili wake na juu ya jirani zake, akidhani huko ndiko kuna utakatifu. Mtu wa namna hiyo anapotamani kushuka, hafanyi uasi. Anatubu.

Tena ni vema kukumbuka kwamba kosa la kutaka kuwa malaika limelisumbua kanisa kuliko kosa la kutaka kuwa watu. Paulo alimwonya Timotheo juu ya walimu waliokataza watu kuoa na kuwaamuru wajiepushe na vyakula, hali kila alichokiumba Mungu ni chema kikipokelewa kwa shukrani (1 Timotheo 4). Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi wa Antiokia, akisafirishwa Rumi akauawe, aliandika barua dhidi ya waliofundisha kwamba Kristo alionekana tu kama ana mwili, lakini hakuwa nao. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliye kifungoni: ikiwa Bwana aliteswa kwa mfano tu, mimi nimefungwa kwa nini? Imani inayodharau mwili mwishowe haina faraja kwa mwili unaoumia.

Aliyetangulia kushuka

Wenders alilelewa katika Ukatoliki, na ujanani aliwahi kufikiria kuwa padri. Hatudai kwamba alikusudia kuhubiri. Lakini mtu aliyelelewa na habari ya Bethlehemu hawezi kusimulia kushuka kutoka mbinguni bila mwangwi wa habari ile kusikika.

Kwa maana kabla ya Damiel, yuko aliyetangulia kushuka. Hakushuka kwa kuchoshwa na mbingu, wala kwa kuvutiwa na uzuri wa mmoja kati yetu. Alishuka kwa sababu tulipotea. Wafilipi sura ya 2 inaeleza jinsi alivyoacha utukufu na kutwaa namna ya mtumwa. Waebrania sura ya 2 inasema wazi kwamba aliishiriki damu na nyama yetu, na kwamba hao aliokuja kuwasaidia si malaika, bali ni uzao wa Ibrahimu.

Tutazame jinsi Injili zinavyouheshimu mwili wake. Alichoka na kuketi penye kisima cha Yakobo. Alilia kaburini kwa Lazaro. Mkoma alipomwendea, Bwana angeweza kumponya kwa neno kutoka mbali. Alinyosha mkono akamgusa kwanza (Marko 1). Ni miaka mingapi ilikuwa imepita mtu yule bila kuguswa? Hata baada ya kufufuka, wanafunzi walipodhani wameona roho, aliwaonyesha mikono na miguu yake, kisha akaomba chakula na kula kipande cha samaki mbele yao (Luka 24). Ushindi wake juu ya mauti haukumfanya auvue mwili.

Na hapa ndipo filamu na Injili zinapoachana. Damiel anapoteza mbingu ili apate dunia. Kristo alishuka pasipo kuacha kuwa Mungu, na alipopaa aliupandisha ubinadamu wetu pamoja naye. Damiel anampata Marion mmoja. Kristo amejipatia kanisa, naye alilinunua kwa mauti yake. Filamu inatia wokovu mikononi mwa mapenzi ya watu wawili, na mzigo huo ni mzito mno kwa mapenzi. Kila ndoa iliyodumu inalijua hilo. Mume si mwokozi, mke si mbingu. Wakitwikwa kazi ya Mungu, watavunjika wote wawili.

Hata hivyo, kuna jambo la mapenzi ambalo filamu inalisema kwa usahihi. Damiel na Marion wanapokutana hatimaye, katika baa usiku wa tamasha la muziki, si Damiel anayezungumza sana. Ni Marion. Naye hasemi juu ya bahati wala mvuto wa macho. Anasema juu ya uamuzi. Anataka jambo lililo zito, la watu wawili walioamua. Vijana wetu wamesikia mara nyingi kwamba upendo ni hisia inayokuja na kuondoka yenyewe. Filamu hii ya kidunia inawaambia kwamba upendo huamua. Sisi tunaongeza neno ambalo filamu haikulifikia, nalo ni agano.

Tena upendo wa mwilini una gharama. Mwaka 1998 Wamarekani waliisimulia upya hadithi hii katika filamu City of Angels, na kuuhamishia mji wa Los Angeles. Humo malaika anakuwa mtu kwa ajili ya mwanamke daktari, na mara tu baada ya kuunganishwa naye, mwanamke anafariki katika ajali. Malaika aliyekuwa hajui kifo sasa analia kama sisi. Akiulizwa kama angefanya vilevile kama angejua, hajutii. Ni jibu gumu, lakini kila aliyezika mpendwa wake analielewa. Anayevaa mwili amekubali kufiwa na amekubali kufa. Bwana wetu alilikubali hilo akiwa macho, hata mauti ya msalaba.

Nyayo zetu

Kuna mtu mmoja zaidi katika filamu ambaye hatuwezi kumwacha. Ni Peter Falk, mwigizaji wa Marekani aliyejulikana kwa tamthilia ya upelelezi ya Columbo, naye anaigiza akiwa yeye mwenyewe. Penye kibanda cha kahawa, katika baridi, anahisi kuna malaika karibu. Hamwoni, lakini ananyosha mkono kumsalimu. Anamsimulia jinsi ilivyo vizuri kunywa kahawa ya moto, kusugua viganja viwili wakati wa baridi, kuchora mstari kwa penseli. Baadaye tunajua kwamba naye zamani alikuwa malaika, na kwamba wako wengi kama yeye.

Orodha yake ni ya vitu vidogo, tena vya bure au vya bei rahisi. Ni vitu ambavyo kila mmoja wetu alivipata leo asubuhi bila kushukuru. Mungu alipomaliza kuumba aliona kila kitu kuwa chema sana, na mwili wetu ulikuwamo katika hesabu hiyo. Sala ya chakula si desturi ya kupita tu kabla ya kula. Ni kukiri kwamba ugali ulio mbele yetu, na ulimi unaouonja, ni zawadi ambayo malaika hawakupewa.

Lakini shukrani isiishie mezani. Yakobo anatuuliza faida ya kumwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, ilhali hatukumpa kitu (2:15-16). Na Paulo anatuambia kwamba hata mtu akisema kwa lugha za malaika, asipokuwa na upendo, ni kelele tupu (1 Wakorintho 13). Tunaweza kuwa kanisa la wanaojua kila mgonjwa kwa jina, na kila Jumapili tukamtaja madhabahuni, na bado mgonjwa akalala wiki tatu bila mtu kuketi kitandani pake. Mchango unaotumwa kwa simu ni mzuri, na aliye mbali hana njia nyingine. Ila aliye jirani asijifanye yuko mbali. Mfiwa anamkumbuka aliyekaa naye kwenye mkeka bila kusema neno kuliko aliyemwandikia maneno mazuri.

Na yule kijana wa juu ya paa yumo katika sharika zetu pia. Pengine yuko kwaya. Pengine anaimba sauti ya tatu na kucheka na wenzake. Ana watu wengi wanaofuatilia habari zake, na hana hata mmoja wa kumshika koti. Tukisikia neno lolote la kukata tamaa, tusingoje ibada ya Jumapili, na tusiogope kumwuliza waziwazi. Tuende siku hiyo hiyo, tuketi naye, tusimwache peke yake, na tumtafutie mchungaji na daktari. Cassiel alitamani kufanya hivyo akashindwa, kwa kuwa hakuwa na mwili. Sisi tunao.

Malaika wa Mungu wataendelea na utumishi wao, nasi tunashukuru kwa ajili yao. Lakini hatukuitwa kuwa malaika. Tumeitwa kuwa watu, na watu huacha nyayo: kwenye njia ya kwenda hospitali, kwenye mlango wa mjane, kwenye mchanga wa makaburini. Bwana aliyetembea Galilaya kwa miguu yenye vumbi atujalie tusiionee haya miili yetu, na tusiifiche pale anapotaka kuitumia.